Shukrani kwa Mama wa Saint-Malo

Kwako mama uliyevaa koti la mvua la manjano, uliyetusimamisha mimi na wanangu wawili tulipokuwa tukielekea kisiwa cha Grand Bé, kinachofikika kwa miguu maji yakipwa, karibu na mji wa Saint-Malo huko Ufaransa, naandika kukushukuru kwa moyo wote. Njia ya mawe ilikuwa bado kavu, nasi tuliona hapana haraka. Wewe ukatuonyesha kwa kidole mwani uliokuwa umeanza kuelea pembeni, kisha ukatufungulia jedwali la kupwa na kujaa kwa maji kwenye simu yako. Bahari ya huko Bretagne, mkoa wa Saint-Malo, wakati wa bamvua, huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 12, kiasi ambacho hata sisi tuliozaliwa Tanga hatukukizoea, na anayenaswa kisiwani hulazimika kungoja saa kadhaa mpaka maji yapwe. Ukatushauri tuzunguke kwanza juu ya kuta za mji mkongwe, halafu twende mji jirani wa Cancale tukale chaza sokoni karibu na mnara wa taa, jambo ambalo watoto wanalisimulia hadi leo. Kisiwani tulivuka kesho yake, maji yakiwa yanapwa. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Ahsante sana, mama, Mungu akuzidishie.