Mikoko haipandwi popote penye tope

Mhariri,

Kampeni za kupanda mikoko Unguja na Pemba ni jambo jema, lakini inauma kuona miche ikifa kwa kupandwa pasipo pake. Mkoko hutaka tope linalofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakitoka. Ukishuka mpaka kwenye nyasi za baharini, maji hukaa muda mrefu, mche hukosa hewa na mawimbi huung'oa. Mikoko ina aina zake: mbele, upande wa bahari, ni pa mlilana na mchu. Mkandaa ni wa nyuma, karibu na nchi kavu.

Kwa aina zenye mbegu ndefu kama fimbo, mfano mkandaa, chukueni mbegu iliyokomaa: shingo yake, pale inapoungana na tunda, huwa imegeuka manjano. Changa huoza. Ichomekwe theluthi moja, ncha kali chini (wengine huigeuza!), mche hadi mche mita 1.

Na kabla ya yote, tazameni kama maji yanapita. Tuta la barabara au la shamba la chumvi likiziba mkondo, hata mikoko mikubwa hukauka. Hapo zibueni mkondo kwanza. Penye mikoko jirani, mara nyingi mbegu huja zenyewe na bamvua, yaani maji yanapojaa sana.

Mdau wa mazingira,
Wete, Pemba