Waajiri tupokee simu, vijana wanatapeliwa kwa majina yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matangazo ya kazi ya uongo yanayosambazwa mtandaoni. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni binafsi, na wengi wanaolizwa kwa jina la kampuni yetu huishia mezani kwangu. Wanafika asubuhi na mapema, wamevaa vizuri, barua ya ajira mkononi, wakiuliza waripoti kwa nani.

Barua ya karibuni niliyoletewa ilikuwa na nembo yetu halisi, imenakiliwa kutoka kwenye tovuti. Saini ya mkurugenzi ilikuwa yake kweli, imekatwa kwenye ripoti ya mwaka. Hata lugha ilinyooka, kwa hiyo wanaosema utapeli hujulikana kwa makosa ya tahajia wamepitwa na wakati. Kilichoiumbua ni anwani ya barua pepe: baada ya jina la kampuni palikuwa na kistari na neno “ajira”. Sisi hatuna anwani ya namna hiyo.

Kijana aliyeileta alikuwa ameshaacha kibarua chake. Usaili alifanyiwa kwa ujumbe wa WhatsApp tu, hakuona sura wala kusikia sauti ya mtu, na siku hiyohiyo akaambiwa amefaulu. Ndipo zikaanza: pesa ya fomu, pesa ya vipimo vya afya, pesa ya sare. Zote alitakiwa kuzituma kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na kila mara aliambiwa akichelewa hadi jioni nafasi anapewa mwingine.

Nawasihi wanaotafuta kazi: ukiombwa pesa, simama hapohapo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada wala gharama, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Mamlaka za nchi zinaweza kuruhusu tofauti na hapo, lakini ni kwa aina fulani tu za wafanyakazi na huduma zilizotajwa. Asiyetuma pesa naye asijione amepona. Nakala ya kitambulisho, vyeti na namba ya akaunti ya benki alivyokwisha kutuma vinatosha mtu kukopa kwa jina lake.

Kuna pia kazi ya kubonyeza “napenda” kwenye video. Mwanzoni unalipwa kweli, kidogo, ili uamini, kisha unaambiwa uweke fedha zako ndipo ufunguliwe kazi zinazofuata. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipokea taarifa zipatazo 20,000 za utapeli huu katika nusu ya kwanza ya 2024, wakati mwaka mzima wa 2023 zilikuwa kama 5,000.

Huwa naumia nikisikia watu wakisema waliotapeliwa ni wajinga au wana tamaa. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa makadirio ya kuaminika kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walivutwa na ahadi za kazi. Ripoti hiyo inasema wengi ni wasomi, wengine wana shahada, wanajua kompyuta na lugha zaidi ya moja, na wamo waliotoka Afrika.

Ushauri ninaoutoa kila siku ni huu: itafute mwenyewe namba ya kampuni, usiitumie iliyoandikwa kwenye tangazo, kisha piga uulize kama nafasi hiyo ipo. Lakini nao una maana gani ikiwa simu inaita hadi inakata? Hapo ndipo nawageukia waajiri wenzangu. Tunabandika tangazo la “jihadharini na matapeli” na kudhani tumemaliza, huku tovuti ikiwa na nafasi zilizofungwa zamani zisizo na tarehe ya mwisho. Tuweke nafasi zote mahali pamoja, zenye tarehe, tuziondoe zikijazwa, na tuwe na namba moja ya simu yenye mtu wa kuipokea. Kujibu “hiyo si yetu” hakuchukui hata dakika moja.

Nawe Mhariri, tangazo la kazi likiletwa kwenu kwa barua pepe, liwe la gazetini au la kwenye tovuti yenu, mpigieni anayetajwa kuwa mwajiri kabla ya kulichapa. Mtu akiliona kwenu huliamini haraka kuliko lile alilotumiwa na asiyemjua.

Msomaji wako,
Afisa Utumishi