Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa tilti-shifti na ugomvi wetu wa lenzi na simu

Ndugu wanachama habari zenu, nawasalimu wote, mliofika ukumbini na nyie mtakaosoma hii baadae kwenye simu. Katibu kanisisitiza nisirefushe, basi mambo ya hela namwachia mweka hazina maana taarifa yake mnayo, hatudaiwi na mtu na ada zinaingia ingawa kwa kusukumana. Wanachama wapya tumepata, wengi wao wanapiga picha kwa simu tu, mimi sina shida na hilo ila humu ndani kuna watu wana shida nalo sana na ndo nataka tuliongee leo.

Mada yetu mwaka huu ilikuwa tilti-shifti, ile picha unaona mji mzima kama matoi yamepangwa mezani, vigari, vijumba, vijitu vinavuka barabara. Watu wamefurahia mpaka wakagombana. Kambi moja inasema kama hujatumia lenzi yenyewe hiyo sio tilti-shifti ni ukungu uliowekwa na apu ya simu, kambi ya pili inasema nyie wenye lenzi mnaringa tu maana mtazamaji hajui tofauti. Nimewasikia wote na jibu langu ni kwamba mnagombania kitu ambacho sicho.

Kwanza tuwekane sawa. Lenzi ile inafanya kazi mbili, na shifti haihusiki kabisa na matoi, shifti inasogeza lenzi juu, chini au pembeni ili majengo yasionekane yanaangukia nyuma, hiyo waachieni wanaopiga picha za majengo. Tilti ndo inainamisha lenzi, na ukishaiinamisha lile tabaka la fokasi, yaani sehemu inayotoka shapu, nalo linalala, halisimami tena sambamba na sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Kanuni yake tunaiita kwa jina la Theodor Scheimpflug, mwanajeshi wa Austria aliyekuwa anatafuta namna ya kunyoosha picha za angani ili zichorewe ramani, akaisajili 1904, japo Mfaransa Jules Carpentier alishamtangulia 1901 na Scheimpflug mwenyewe alimtaja. Canon wakaja kutoa lenzi ya milimita 35 yenye tilti na shifti pamoja mwaka 1973. Kinachonichekesha ni kwamba mpiga mandhari anainamisha lenzi ili ardhi yote kuanzia miguuni mpaka mlimani iwe shapu, sisi tunainamisha kinyume chake, kifaa kilekile, ili kibaki kimstari chembamba tu na vingine vyote vipotee.

Sasa kwa nini jicho linadanganyika? Ukipiga kitu kidogo kwa karibu, kina cha fokasi, yaani eneo la mbele mpaka nyuma linalotoka shapu, kinakuwa chembamba sana, kila aliyepiga makro, vile vitu vidogo kwa karibu kabisa, anajua. Ukipiga mji toka juu kwa mbali karibu kila kitu kinatoka shapu. Chukua toi iliyopunguzwa mara 100, unaipiga ukiwa sentimita 50 na tundu la lenzi lina upana wa sentimita 2. Ili mji halisi ulio mita 50 utoke na ukungu uleule ungehitaji tundu la mita 2, na lenzi ya hivo hakuna mtu ataibeba. Kwahiyo ubongo ukiona ukungu mwingi namna ile unaamua wenyewe kwamba hiki kitu ni kidogo na kipo karibu.

Na hapa ndo picha nyingi za shindano letu zilianguka, za kambi zote mbili. Mwaka 2010 Robert Held na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa utafiti wa jambo hilihili, waliwaonyesha watu picha za miji zenye ukungu wa aina mbalimbali, wakakuta ukungu ukiongezeka kufuata umbali unavyoongezeka watu wanaona vitu vidogo, lakini ukungu huohuo ukiugeuza uende kulia na kushoto, yaani haufuati umbali, udanganyifu unapungua sana. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ukungu rahisi wa mteremko, unaoongezeka kidogokidogo, kama huu wa apu, ukielekezwa vizuri, ulikaribia kabisa ule uliokokotolewa kwa umbali halisi wa kila kitu. Wa simu msishangilie bado, kuna mliolaza mstari wa fokasi kimshazari bila sababu yoyote, barabara inaenda huku ukungu unaenda kule, pale hakuna toi pana picha mbovu.

Halafu kuna tatizo la mnara. Mnara unasimama wima, kitako na kichwa viko karibu umbali mmoja, toi halisi ingekuwa shapu chini mpaka juu, ila apu inaukata kiunoni, na msifikiri lenzi inawaokoa maana tilti nayo inaukata vilevile. Mwenye apu ana nafasi ya kuurekebisha, auzungushie maski, yaani auchague usiguswe na ukungu, mnara wote uwe shapu, mwenye lenzi dawa yake ni kuchagua eneo lisilo na vitu virefu. Kwahiyo tambo za lenzi mbele yangu zipunguzwe kidogo.

Waamuzi wamesema, na mimi nawaunga mkono, kwamba picha zilizofanya vizuri zote zilipigwa toka juu ukiinamia chini, kama mtu mzima anavyotazama matoi sakafuni. Ukipiga usawa wa macho hata ukungu uwe mzuri vipi haishawishi. Kupiga juani pia kunasaidia, kivuli kikali na rangi iliyoongezwa kidogo, nasema kidogo jamani, kuna majani mliyatoa kijani cha rangi ya ukutani. Mkitaka kujifunza tazameni kazi za Olivo Barbieri, Muitaliano, alikuwa anapiga miji toka kwenye helikopta, na kwa wa video Keith Loutit wa Australia aliyechanganya tilti-shifti na taimlapsi, zile picha za kupishana muda zinazounganishwa kuwa video ya haraka. Kwenye video ule mwendo wa kurukaruka ndo unamaliza kazi, vitu vidogo vinatembea harakaharaka, basi fremu zikipunguzwa boti zinakuwa za kuchezea kabisa.

Maamuzi ya kamati ni kwamba mwakani shindano linabaki kundi moja, lenzi na simu pamoja, ila kila mtu ataleta na picha ghafi kabla ya ukungu, waamuzi waone pembe uliyosimama. Wenye droni mtaleta kibali chenu kabisa, sitaki kupigiwa simu na wakubwa.

Lenzi ya chama iko kwa katibu. Inafokasi kwa mkono tu, kwahiyo anayeiazima kwa mara ya kwanza aende na stendi na afunge skrubu ya tilti kabla ya kuirudisha kwenye begi maana imeshaanza kulegea, na foleni ni kwa majina yaliyoandikwa kwenye daftari, sio kwa kumfuata katibu nyumbani kwake usiku.