Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Langu ni moja tu: ada zimechelewa tena, na wadaiwa wanajijua.

Mwezi wa Novemba tulizuru makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Basi lilichelewa saa mbili nzima, tukafika jua limeshakuwa kali. Kwenye ukuta wa majina ya wasio na kaburi tulilitafuta la Sajini Nigel Gray Leakey wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), mzaliwa wa Kiganjo. Wajukuu hawakukijua kisa chake, nikawasimulia palepale.

Tarehe 19 Mei 1941, Colito, Uhabeshi. Keya wamekwisha kuvuka mto, mara vifaru vya Waitaliano vikawarudia. Leakey alikuwa akipiga mota, ule mzinga mdogo wa kurusha mabomu, mpaka mabomu yakamwishia. Akatoka mbio, akarukia kifaru kilichokuwa kikiwajia kwa nyuma, akaung'oa mfuniko kwa mikono, akawamaliza waliokuwamo kwa bastola. Alimbakiza dereva, akamlazimisha akitie kifaru mafichoni. Akajaribu mzinga wa kifaru hicho, ukakataa kulia. Basi akashuka, akavifuata vingine kwa miguu. Alishapanda cha pili na kuua mmoja ndani, ndipo rashasha ya kifaru kingine ilipomwangusha. Mwili haukupatikana. Victoria Cross yake, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, ilitangazwa Novemba 1945, vita vimekwisha.

Kijana mmoja akaniuliza, "Alikuwa peke yake?"

Hakuwa. Maelezo ya nishani yenyewe yanasema alivinyatia vifaru vile akiwa na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina yao hayakutajwa. Wanaume wanne, uwanja mmoja, risasi zilezile. Mmoja tunajua hata alikozaliwa.

Simpunguzii Leakey sifa, amestahili zote. Ila kamati imekubali kwamba mwaka ujao shada la maua la makaburini liwe dogo, na fedha zitakazobaki zitulipie nauli ya kupita majumbani kuandika majina ya Keya wetu. Mama mmoja ameshaleta Nyota ya Afrika ya babake, nishani ya waliopigana Afrika katika Vita Kuu ya Pili, ameifunga kwenye pindo la kanga, utepe umeliwa na mende. Tuliigeuza nyuma kutafuta jina, tukakuta shaba tupu: nyota hizo hazikuchorwa majina. Tumempiga picha akiwa ameishika, na jina la babake ndilo la kwanza daftarini.

Mwenye cheti, barua au picha amwone katibu kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti