YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA UKUTA WA DARASA LA SITA

6 Juni 2025

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salamu. Leo tunafunga shule. Ripoti ya mtoto imo ndani ya bahasha hii. Anayedaiwa mchango wa chakula amalizane na mhasibu kabla hatujafungua tarehe 8 Julai.

Baadhi yenu mmenipigia simu kuuliza kwa nini watoto wa Darasa la Sita wanarudi na rangi mashatini badala ya kukaa na hesabu. Hesabu walikaa nazo, tena sana. Ukuta wa nyuma ya bwalo sasa una mistari 175, kila mmoja sentimita 5, kuanzia mwaka 1850 hadi 2024. Mchoro wa aina hii aliutoa Ed Hawkins, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, mwaka 2018. Kila mstari ni joto la dunia kwa mwaka mmoja: bluu mwaka wa baridi, nyekundu mwaka wa joto. Wa mwisho umekolea kupita yote, kwani tangu vipimo vianze hakuna mwaka uliokuwa na joto kama 2024.

Pembeni wamechora Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Michoro ya kwanza ilijaa moshi wa viwanda na dubu weupe, mambo ya kunakili vitabuni. Mwalimu wa sanaa aliirudisha yote, akawaambia wachore wanachokiona wenyewe. Ndipo ikaja migomba iliyonyauka, na mfongo (mfereji wa maji ya mashamba) mkavu wenye ndoo ya njano imelala katikati. Huo ndio ninaoupenda mimi. Kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912 nimelisema paredi mara nyingi, wao wakitazama viatu vyao. Safari hii waliuliza maswali mpaka kengele ikalia.

Chini ya mistari wameandika kwa chaki miaka mliyozaliwa. Mkija kuchukua watoto, piteni mjitafute kabla mvua haijaifuta.

Kazi ya likizo: mtoto amwulize bibi au babu theluji ilishuka hadi wapi enzi zake, na mfongo upi ulikuwa na maji mwaka mzima, kisha achore. Tafadhali msimchoree, tunawajua.

Kuhusu mashati: rangi ile ni ya mafuta, sabuni peke yake haiiwezi. Sugueni kwanza kwa mafuta ya taa, ndipo mfue.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu