Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliopata Nyumba

Wanachama wenzangu, Assalamu alaykum.

Mwaka jana nilisimama mbele yenu kwenye ukumbi wa skuli tuliouazima, nikasema mkutano ujao, Mungu akipenda, tutakaa kwetu. Leo tumekaa kwetu. Viti havikutosha na waliochelewa wako barzani, lakini barza nayo ni yetu.

Kwa waliojiunga karibuni: chama hiki kinachapisha vitabu vya picha za Unguja na Pemba, na hakigawi faida kwa mtu. Miaka yote mali yetu imelala majumbani mwa watu. Negativu zilikuwa chini ya kitanda cha Katibu, na vitabu ambavyo havijauzwa vilikuwa stoo kwa shemeji yangu, ambaye kila Ramadhani alikuwa akiniuliza lini nitamwachia nafasi ya kuweka tende. Si sisi peke yetu. Aperture, wachapishaji wa vitabu vya picha wa Marekani, walioanza mwaka 1952 na jarida lao, Ansel Adams na Dorothea Lange wakiwa miongoni mwa waasisi, nao wamehamahama kabla ya kupata makao ya kudumu New York.

Nyumba hii ya Kiponda warithi wake wameiweka wakfu kwa ajili ya picha na vitabu, kwa sharti moja: isigeuzwe hoteli. Tumelikubali bila mjadala.

Matengenezo ndiyo yaliyokula mwaka. Fundi wa kwanza alitaka kupiga plasta ya saruji ukuta mzima ili tumalize kabla ya masika. Tukamshukuru, tukamtafuta mwengine. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinavuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa kupumua. Ukizifunga kwa saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inachimba, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Kwa hiyo tumerudi kwenye chokaa, na chokaa haina haraka. Ndiyo maana tumefungua tukiwa tumechelewa, na lawama hiyo naichukua mimi.

Kisha likaja suala la uzito. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la masultani, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, hakuna mtu wa Mji Mkongwe anayepanda ghorofani bila kuitazama dari. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti hazifiki mbali. Karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Vitabu tukaviweka chini, juu ya vichaga ili visiguse sakafu, na picha zenyewe zikapanda juu penye upepo. Picha hutaka unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50 hivi, nasi masika tunapita 80. Mjumbe mmoja alipendekeza viyoyozi usiku na mchana. Nilimkumbusha miezi ile ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa bila umeme unaoletwa kutoka Bara kwa waya wa baharini. Tutakuwa na masanduku mazuri, madirisha yanayofunguka na mtu wa kukagua kila wiki. Akisikia harufu ya siki, ajue negativu imeanza kuoza, aitenge na wenzake siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi, ambalo si ukuta.

Kina Gomes, Coutinho na Pereira de Lord walipiga picha hapa tangu enzi za masultani, na picha nyingi zikaenda duniani kama postikadi. Chini ya picha utaona limeandikwa kabila au kazi: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Jina hakuna. Studio za baadaye, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ziliwapiga picha watu waliokwenda wenyewe wakiwa wamevaa nguo za Idi, na hao majina yao yapo vichwani mwa wajukuu. Lakini vichwa hivyo vinapungua.

Wiki ya kwanza tulipofungua mlango, alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Akapita picha zote kimya, akasimama kwenye moja ya harusi. "Huyu mama yangu," akasema. Tukafurahi, tukaleta kalamu. Kumbe hakuja kutupa jina. Alikuja kutwambia kwamba mama yake hakuwahi kuonekana na wanaume wasio maharimu bila buibui, na sisi tumemtundika ukutani, na kabla ya hapo tulikwisha kumchapisha kitabuni. Hatukuwa na jibu. Tuliishusha picha, na kitabu kile kikichapishwa tena, ukurasa huo hautakuwamo.

Kwa hiyo Kamati imeamua: picha ya mtu ndani ya nyumba yake, na hasa ya mwanamke, haitundikwi wala haichapishwi mpaka tutafute jamaa zake kwa sheha na kwa wazee wa mtaa. Wapo wajumbe wanaosema hivyo tutabaki na picha za majahazi na milango. Pengine. Mimi naona bora tuchapishe kitabu kimoja pungufu.

Wengine wametaka kiingilio kwa watalii na mkahawa hapo chini. Mkahawa nimeukataa, maana moshi, mafuta na karatasi havikai pamoja. Kiingilio tukijadili leo, ila mkazi wa Zanzibar asilipe hata senti. Yeye ndiye atakayetwambia nani yuko pichani.

Kuhusu vitabu vya mwaka huu: kimoja kimetoka, picha zake nyeusi-nyeupe zimeegemea kijani kwa kosa la mchapaji, na tumekubaliana bei ipunguzwe. Hesabu atazisoma Mweka Hazina.

Lililobaki ni zamu. Barza iwe na mtu kila siku baada ya alasiri, chai ya tangawizi iwepo, na daftari liwe wazi. Jumatatu na Alkhamisi bado hazina mtu. Ufunguo wa pili uko kwa Katibu. Anayetaka siku hizo amwone kabla hajaondoka.