Barua kwa mpwa wangu anayehamia London: chagua reli kwanza, chumba baadaye

Mpwa wangu,

Nimeyapitia matangazo yote ya vyumba uliyonitumia, pamoja na ujumbe wa yule bwana anayetaka kodi ya miezi sita kabla hujapanda ndege. Nakujibu hadharani kwa sababu wauguzi wenzako wengi wanaokuja kazini London huuliza haya haya, na wengine huuliza wakiwa wameshatuma hela.

Huyo bwana usimpe hata senti. Najua Dar tumezoea: mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, na unalipa kwa sababu ndiyo desturi. Kwa Uingereza hesabu ni nyingine kabisa. Tangu 1 Juni 2019 dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kumtafutia nyumba, ya kuandika mkataba wala ya kumchunguza. Anayemlipa ni mwenye nyumba. Na kuanzia 1 Mei 2026, kwa upangaji wa kawaida wa nyumba binafsi, mwenye nyumba haruhusiwi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele, wala kupokea kodi yoyote kabla mkataba haujasainiwa. Hapo utaona kwamba anayekudai kodi ya miezi sita ukiwa bado Dar ama haijui sheria ya nchi yake, ama hana nyumba. Wa aina ya pili hujulikana kwa maneno yao: yuko safarini, ufunguo atautuma kwa posta, wateja wengine wanagombea, tuma leo. Picha zake nzuri mno kwa bei yake, na huwa kazichukua kwenye tangazo la mtu mwingine. Ukitaka kumpima, omba anwani kamili, kisha kwenye tovuti ya serikali ya usajili wa ardhi nunua nakala ya hati ya nyumba hiyo. Ni pauni 7, na jina la mmiliki limeandikwa humo.

Kwa hiyo usipange chumba cha kudumu ukiwa Dar. Mwandikie mwajiri wako leo, kwa maandishi, umuulize: je, hospitali inanipa malazi ya kufikia, kwa wiki ngapi, na yanakatwa kiasi gani kwenye mshahara? Hospitali nyingi zinazoajiri wauguzi kutoka nje zina mpango huo, lakini usipouliza unaweza kuambiwa dakika za mwisho. Kama hakuna, lipia malazi ya muda ya wiki tatu au nne mahali penye kituo cha treni. Utaona ni ghali, lakini ndizo wiki utakazotembelea vyumba kwa miguu yako mwenyewe.

Sasa, wapi? Umeniuliza "mtaa gani ni mzuri". Uanze na swali lingine: nikitoka zamu saa mbili usiku, nimechoka, nimelowa mvua, nafika kitandani kwa kupanda magari mangapi? Jibu liwe moja. Kazi yako iko Whitechapel, na hiyo ni bahati kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu pale zinakutana reli nne. Elizabeth line inaelekea mashariki na kugawanyika papo hapo: tawi moja linapita Stratford, Forest Gate, Manor Park, Ilford, Seven Kings na Goodmayes, la pili linapita Canary Wharf, Woolwich na kuishia Abbey Wood. District line inakwenda Plaistow, Upton Park, East Ham, Barking hadi Dagenham, na Hammersmith & City inaifuata mpaka Barking. Kisha kuna Windrush line ya kwenda kusini mwa mto, Peckham na kwingineko. Tafuta chumba kwenye vituo hivi tu. Kingine chochote, hata kiwe kizuri vipi, kitakula usingizi wako.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui hadi wameshalipa nauli za mwaka mzima. London imegawanywa kwa kanda za nauli, kanda ya 1 ikiwa katikati ya jiji, na safari inayoigusa kanda hiyo ndiyo yenye bei ya juu. Whitechapel iko kanda ya 2. Ukikaa Ilford au Barking, ambako ni kanda ya 4, safari yako ya kazini haiingii kanda ya 1 hata kidogo. Lakini ukivutiwa na chumba cha magharibi, Harlesden au Southall, utavuka katikati ya jiji kila siku na kulipa kwa kila mvuko. Mtu anaweza kukwambia "hata huku ni kanda ya 4, bei ni ile ile". Si ile ile.

Saa nazo zina bei. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nauli hupanda kati ya saa 12:30 na saa 3:30 asubuhi, na tena kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Zamu ikianza saa 1:30 asubuhi, ukigusisha kadi yako ya kulipia nauli kwenye mashine ya kituoni kabla ya saa 12:30 umelipa bei ya chini. Usisahau kugusa kadi unapotoka pia. Ukisahau, mfumo hukutoza nauli ya juu kabisa.

Halafu ujiulize: treni zikilala, nitafikaje? Treni nyingi husimama karibu na usiku wa manane na kurudi alfajiri, Jumapili huchelewa zaidi kuanza, na mwisho wa wiki reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Hapa ndipo ninapoipenda barabara ya Romford. Basi namba 25 linafanya kazi saa 24, kutoka Ilford kupitia Manor Park, Forest Gate, Stratford na Mile End hadi mlangoni mwa Whitechapel. Anayekaa dakika tano kutoka kwenye barabara hiyo ana treni na ana basi. Kimoja kikikwama, kingine kipo. Nauli ya basi ni moja bila kujali umbali, na ndani ya saa moja tangu ulipopanda la kwanza unabadilisha mabasi bila kulipa tena. Fedha taslimu hawapokei tangu 2014, kwa hiyo kadi iwe mkononi. Abbey Wood kodi mara nyingi ni nafuu na treni ni ya haraka, lakini reli ikifungwa itabidi utafute namna nyingine ya kuvuka Mto Thames. Kwa mtu wa zamu, mimi ningechagua upande wa Forest Gate, Manor Park na Ilford, kisha East Ham. Upton Park pia si mbali, na soko la Queen's Market lililo karibu na kituo litakupa bamia, mihogo na samaki bila kusafiri.

Tuje kwenye bei. Matangazo mengine huandika kodi kwa wiki, mengine kwa mwezi, na wengi wetu huzidisha wiki mara nne. Ni kosa, kwa sababu mwaka una wiki 52, si 48. Chumba cha pauni 210 kwa wiki si 840 kwa mwezi: 210 mara 52, gawanya kwa 12, unapata 910. Pauni 70 hizo ni chakula. Kwa kodi hiyo, fedha ya kushikia chumba haipaswi kuzidi kodi ya wiki moja, yaani 210, na wewe na mwenye nyumba mna siku 15 za kukamilisha mkataba. Dhamana, yaani fedha anayoishikilia mwenye nyumba hadi utakapohama, haizidi kodi ya wiki tano, yaani 1,050. Ongeza mwezi wa kwanza, 910, unapata 1,960, ambamo ile 210 uliyokwisha kutoa huhesabiwa humo humo. Nenda na kiasi hicho mfukoni pamoja na cha kula hadi mshahara wa kwanza.

Kikwazo chako hakitakuwa fedha tu. Madalali wengi hutaka kipato cha mwaka kifikie kodi ya mwezi mara 30. Kwa 910 ni pauni 27,300. Pia watatafuta historia yako ya mikopo Uingereza, ambayo huna, na wataomba mdhamini anayeishi kule. Ndiyo maana chumba ndani ya nyumba ya kushea ni njia rahisi ya mwaka wa kwanza: wenye nyumba wa vyumba mara nyingi huridhika na mkataba wa ajira unaoonyesha mshahara. Beba barua ya mwajiri. Hakikisha pia akaunti yako ya viza ya kielektroniki inafunguka, kwa sababu mwenye nyumba anatakiwa kisheria kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kupanga. Utamtolea namba inayoitwa share code. Ya kupangia huanza na herufi R, ya kazini huanza na W, na hudumu siku 90. Ukimpa ile ya kazini haitamsaidia, na chumba kinaweza kwenda kwa mwingine wakati unatafuta kosa liko wapi.

Uliza gharama zipi zimo ndani ya kodi. Kuna kodi ya halmashauri, Council Tax, inayotegemea daraja la nyumba kuanzia A hadi H, na madaraja hayo yalipangwa kwa thamani ya nyumba ya Aprili 1991. Kwenye nyumba ya vyumba vinavyopangishwa kimoja kimoja, anayedaiwa kwa kawaida ni mwenye nyumba. Ukipanga nyumba nzima, unadaiwa wewe. Ukiwa mtu mzima pekee humo, omba punguzo la asilimia 25, maana hawalitoi bila kuombwa.

Siku ya kutazama chumba, nenda mchana, na usione haya kugusa vitu. Vuta kabati kidogo kutoka ukutani, ukuta ule unaopakana na nje, uchungulie nyuma yake. Ukungu mweusi hujificha pale, na katika pembe za dirisha. Hutokea hivi: mvuke wa kupika, kuoga na nguo mbichi zilizoanikwa ndani hukutana na ukuta wa baridi na kugeuka maji. Sisi tuliozoea kamba ya nje uani hatufikirii hilo, lakini Desemba jua London linazama kabla ya saa 10 jioni na nguo hazikauki nje. Rangi mpya kwenye pembe moja tu ya chumba ni dalili kwamba kuna kitu kimefunikwa. Fungua bomba la moto uhesabu linachukua muda gani kupata joto. Uliza nani anashika swichi ya joto la nyumba, na saa ngapi linazimwa. Muuguzi wa zamu ya usiku anahitaji joto mchana wakati wenzake wako kazini. Kwa sababu hiyo hiyo chumba kisitazame barabara ya mabasi, na pazia liwe zito, maana Juni kunapambazuka kabla ya saa 11 alfajiri. Hesabu wanaotumia bafu moja, halafu uulize wangapi kati yao wanaamka saa 11.

Pima chumba kwa hatua zako. Kwenye nyumba za kushea zenye leseni, chumba cha kulala mtu mzima mmoja hakitakiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51, karibu sawa na mita 2.2 kwa mita 3. Nyumba yenye watu watano au zaidi wasio familia moja lazima iwe na leseni, na halmashauri nyingine zinadai leseni hata kwa walio wachache. Omba kuiona. Sebule ikiwa imegeuzwa chumba, uliza mara mbili. Omba pia cheti cha gesi cha mwaka huu, cha umeme kisichozidi miaka mitano, na kile cha matumizi ya nishati, kinachoipa nyumba daraja kwa herufi. Nyumba za daraja F na G haziruhusiwi kupangishwa isipokuwa kwa kibali maalumu. Mita ikiwa ya kulipia kabla, mfano wa LUKU yetu, isome siku ya kuingia na umpigie mwuzaji wa umeme siku hiyo hiyo, la sivyo deni la aliyekutangulia linaweza kukatwa kwenye hela unayoweka wewe.

Ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba mwenyewe, wewe ni mgeni mpangaji tu: sheria nyingi nilizozitaja hazikulindi, na dhamana yako halazimiki kuisajili. Kwa upangaji wa kawaida analazimika, ndani ya siku 30, katika mojawapo ya mifuko mitatu: DPS, MyDeposits au TDS. Siku ya 31 ingia kwenye tovuti zote tatu utafute jina lako. Usipolikuta, mwandikie kwa barua pepe, kwa adabu. Mahakama inaweza kumwamuru akulipe kuanzia mara moja hadi mara tatu ya dhamana hiyo.

Kabla hujafungua begi, piga picha kila ukuta, godoro pande zote mbili, ndani ya jiko na chini ya sinki, kisha zitume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili zibaki na tarehe. Na ukipata tangazo kwenye reli nilizokutajia, nitumie posti-kodi yake kabla hujajibu, tulitazame pamoja kwenye ramani, saa ya zamu na siku ya Jumapili.

Shangazi yako